Kinyozi Aliyemwonea Wivu Kondoo

Kondoo aliletwa kwenye nyumba ya wazee siku ya Jumanne, na kufikia Jumamosi Kinyozi alikuwa ameshamchukia. Siku nne tu. Watu wengine huhitaji miaka kuchukiana sawasawa, lakini Kinyozi maisha yake yote alikuwa mtu wa kazi za haraka.

Ili mumwelewe, na msianze kumcheka mapema, ni lazima mjue Jumamosi zilikuwaje kabla ya huyo kondoo. Nyumba ile ilikuwa na wazee kumi na tisa, vyumba vimepangana pande mbili za ukumbi mrefu, na mbele yake baraza ya saruji inayopata jua la asubuhi. Kila Jumamosi baada ya chai, Kinyozi alitoa kiti chake barazani, akatandika taulo jeupe juu ya meza ndogo, akapanga vyombo vyake: mashine, mikasi miwili, vitana vitatu, brashi ya kupangusia shingo, chupa ya spiriti, kopo la poda na kioo cha mkono. Halafu alikung'uta shuka la kuwafunika wateja, na wazee wakaanza kuja, wanaume kwa wanawake, wenye fimbo na wenye viti vya magurudumu. Walikaa kwenye benchi wakibishana nani alitangulia. Kinyozi alikuwa na miaka sabini na nane. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, wanapiga simu kwa zamu kama walinzi. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa mtu mwenye foleni, na hilo lilimtosha kwa wiki nzima.

Nywele zenyewe, tusidanganyane, hazikuwepo. Dereva, mzee aliyeendesha magari ya wakubwa miaka thelathini kabla kiharusi hakijamfunga mkono wa kushoto, alikuwa na upara mtupu na kautepe ka mvi juu ya masikio. Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka alipostaafu, nywele zilimtoka takriban zote alipougua miaka sita iliyopita, zikabaki vinyweleo vya kuhesabika. Lakini Kinyozi alijua namna ya kuwahudumia watu kama hao bila kuwaaibisha. Alichana kisichokuwepo. Alipitisha mkasi hewani karibu na sikio ili mteja asikie mlio. Alipangusa shingo kwa brashi, akatia poda, kisha akaweka viganja vyote viwili kichwani na kukisugua polepole kutoka kwenye paji mpaka kisogoni.

"Tayari, Mwalimu. Sasa wakikuona watakuuliza unasoma darasa la ngapi."

Mwalimu alicheka kila mara, hata kama maneno yalikuwa yale yale. Alikaa kwenye kile kiti dakika ishirini, wakati Dereva alipewa kumi. Hakuna aliyelalamika, au tuseme Dereva alilalamika lakini hakuna aliyemsikiliza. Na Kinyozi, jioni akiwa kitandani, alijipongeza kwamba hapa duniani hakuna mwanamke anayedanganywa kwa heshima kama Mwalimu.

Basi ndipo akaja kondoo. Matroni, mwanamke mwenye mwili na sauti inayofika jikoni bila kuinuliwa, alikuwa amerudi kutoka semina ambako waliambiwa kwamba wazee wakiwa na mnyama wa kumtunza hulala vizuri, hula vizuri, na hupunguza kugombana. Akaagiza paka. Paka hakupatikana, au waliopatikana hawakukubali kukaa. Muuza maziwa akasema yeye anaye kondoo wa miezi saba aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, akalelewa kwa chupa ndani ya nyumba, na sasa kundi la kondoo wenzake hataki hata kuliona. "Anajiona mtu," alisema muuza maziwa. "Mimi nimeshindwa naye. Labda ninyi."

Kondoo mwenyewe alikuwa na sufu nzito, nyeupe iliyochafuka kidogo, na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Aliingia ukumbini wakati wa chakula cha mchana, akapita katikati ya meza bila kumtazama yeyote, akasimama karibu na Mpishi akala maganda ya karoti yote, kisha akaenda kulala mahali penye jua pekee. Wazee wakasogeza viti vyao kumpisha.

"Huyu namfahamu," alisema Dereva. "Nimewaendesha wengi kama huyu. Anachelewa, anakula wa kwanza, hasalimii, na kila mtu anampisha. Shikamoo, Mheshimiwa!"

Ukumbi ukavunjika mbavu, na jina likaganda.

Jumamosi ya kwanza Kinyozi alipanga vyombo, akakung'uta shuka, akangoja. Wakaja watu watatu. Wengine walikuwa chini ya baraza, kwenye nyasi, wamemzunguka Mheshimiwa, kila mmoja mkono umezama kwenye sufu mpaka kifundoni. Kinyozi aliwanyoa wale watatu kwa makini kuliko kawaida, akapiga mkasi kwa nguvu ili mlio ufike mbali. Haukufika. Saa nne na nusu Mwalimu alipanda ngazi taratibu, na moyo wa Kinyozi ukatulia, akashika brashi.

"Leo tuahirishe, Kinyozi," alisema Mwalimu. "Nimekaa naye pale chini mpaka miguu imekufa ganzi. Hebu nusa." Akamletea viganja usoni. Vilikuwa vinanuka kondoo, na vilikuwa laini, maana sufu ile ilikuwa na mafuta yake. "Unaona? Miaka yote nimenunua mafuta ya mikono, kumbe nilitakiwa nifuge."

"Hongera," alisema Kinyozi. Akafunga chupa ya spiriti kwa nguvu hata kifuniko kikakaa kombo.

Kuanzia hapo wivu ulimkaa rohoni na haukuomba ruhusa. Wivu wa mtu mzima ni kitu kigumu kubeba, kwa sababu mtoto anaweza kulia na kijana anaweza kupigana, lakini mzee wa miaka sabini na nane atamwambia nani kwamba amepokonywa wateja na kondoo? Kwa hiyo alikaa nao. Alimwona Mheshimiwa akisindikizwa asubuhi kwenda kunywa maji, wazee watatu nyuma yake, watu ambao Matroni alishindwa miezi sita kuwatoa vyumbani. Alimwona yule bibi wa chumba cha mwisho, aliyekuwa anasusa chakula, akila sasa ili abakize ganda la kumpa kondoo. Mazuri yote hayo Kinyozi aliyaona, maana hakuwa kipofu, na kila zuri lilimchoma mahali pake.

Lililomuuma zaidi mwanzoni ni mkono wa Dereva. Mkono ule wa kushoto ulikuwa umejikunja ngumi tangu kiharusi, na kila Jumamosi, baada ya kumaliza kichwa, Kinyozi alikuwa akiuchukua na kujaribu kufungua kidole kimoja kimoja kwa poda. Miaka miwili. Vidole vilifunguka kidogo, vikarudi. Kondoo akaja, Dereva akawa anausukumiza mkono ule ndani ya sufu na kuuacha humo, joto na mafuta yakaingia, na wiki ya tatu ngumi ilifunguka yenyewe mezani mbele ya watu wote, Dereva akashika kikombe.

Makofi yalipigwa. Matroni akatokwa na machozi. Kinyozi naye alipiga makofi, mara tatu.

"Si mimi nilikuwa nauchua?" alimwambia Mpishi baadaye. "Miaka miwili nauchua. Kazi yote imefanyika, huyo mnyama amekuja kumalizia tu."

"Ndiyo, mzee," alisema Mpishi, ambaye alikuwa anachambua mchele na hakutaka ugomvi.

Mwisho wa wiki hiyo Matroni alitangaza wakati wa chakula kwamba presha za watu wanne zimeshuka tangu Mheshimiwa aje. Wazee wakageuka kumtazama kondoo kana kwamba amefaulu mtihani.

"Ya kwangu imepanda," alisema Kinyozi. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye, na yeye hakuwa anacheka.

Angeweza kuishi na hayo yote. Jumamosi ya nne alikuwa na wateja wawili, ya tano hakuwa na hata mmoja, na bado alijikaza. Kilichomwangusha ni asubuhi moja ya Jumatano alipopita nyuma ya nyumba, upande wa kamba za nguo, akamsikia Mwalimu anazungumza. Alisimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa cha kondoo kiko mapajani mwake, anakisugua polepole kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Anamwambia habari za mama yake. Akamwambia jina ambalo mama yake alikuwa akimwita alipokuwa mdogo, jina ambalo, alisema, hajalitamka mbele ya mtu tangu siku ya mazishi.

Kinyozi alihesabu haraka haraka. Miaka sita. Jumamosi mia tatu na kitu. Dakika ishirini kila moja. Na jina hilo hakuwahi kuambiwa. Kondoo wa wiki tano ameambiwa.

Aliondoka pale kwa ncha za vidole. Hata kabla hajafika chumbani alikuwa ameshajua atafanya nini.

"Matroni, mwanangu," alisema siku hiyo hiyo, ameegemea mlango wa ofisi kwa sauti ya mtu mwenye huruma, "yule mnyama ana viroboto. Mimi nimefanya kazi na vichwa vya watu miaka arobaini na nane, najua ninachokiona. Wazee wetu ngozi zao nyepesi. Ukiniruhusu, nitampunguza kidogo, tumboni na miguuni, apate hewa."

Matroni alimtazama. Nadhani alifurahi, masikini, kwamba hatimaye Kinyozi anataka kumkaribia yule kondoo.

"Utakuwa umenisaidia sana, baba. Lakini kidogo tu. Baridi inakuja."

"Kidogo tu," alisema Kinyozi.

Ijumaa daktari wa macho alikuja, wazee wote wakawa ukumbini wanasoma herufi ukutani. Kinyozi na Mlinzi wa lango wakamchukua Mheshimiwa nyuma ya jiko. Mlinzi akamshika shingo. Kinyozi akavaa koti lake jeupe, akachomeka mashine kwenye waya uliotoka dirishani, na akaanza, si tumboni wala miguuni, bali kichwani, katikati kabisa ya paji.

Mashine ile ilikuwa imenyoa wanaume wa kila namna lakini haijawahi kukutana na sufu. Ilinguruma, ikala mistari minne, ikajaa mafuta, ikapata moto, ikatoa moshi na kufa. Mtu mwingine angeacha hapo. Kinyozi alichukua mkasi. Alikata, alikata, sufu ikaanguka chini kwa mafungu, na mkono wake, ambao wiki tano ulikuwa hauna kazi, ulifurahi kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiona si nzuri.

"Mzee, si umesema kidogo?" aliuliza Mlinzi.

"Wewe shika."

"Nimeshika, lakini kidogo hiyo ni ya nani?"

Kinyozi alikuwa amefika mgongoni. Alikata mpaka ngozi ikaonekana, halafu akachukua wembe, kama alivyozoea kumalizia upara wa wateja waliotaka kipara safi, akapitisha pale palipobaki vishina. Huko ndiko mazoea yalikompeleka. Alimnyoa kondoo kama anavyonyolewa mtu anayekwenda harusini. Na alipomaliza, bila hata kufikiri, mkono ukafuata utaratibu wake wa miaka arobaini na nane: ukamimina spiriti kwenye kiganja na kuipaka shingoni na mgongoni pote, penye michubuko na pasipo na michubuko.

Mheshimiwa alipiga kelele ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia kwa kondoo. Akamponyoka Mlinzi, akapindua ndoo, akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Kinyozi alibaki na chupa mkononi. Kule nyuma ya tangi kulikuwa na kitu kidogo chenye rangi ya waridi, chenye shingo nyembamba na mbavu za kuhesabika. Ukubwa wote ule ulikuwa sufu tu. Ndani yake alikuwa amekaa mtoto.

Furaha ya Kinyozi haikumaliza hata dakika tano, na mimi siwezi kusema alionewa.

Wazee walipotoka ukumbini walimkuta hivyo. Dereva akasogea mbele, akainama kwa taabu, akanyoosha ule mkono wa kushoto. Kondoo akaruka pembeni kuukwepa, akarudi nyuma zaidi, akibana mgongo ukutani, maana kila alipoguswa paliwaka. Mkono wa Dereva ukabaki hewani, umefunguka, hauna pa kwenda.

Saa sita mvua ikaanza, ile ya baridi, ya upande upande. Saa nane Mpishi akapiga kelele kwamba kondoo amelala chini na hataki kuinuka. Walimbeba mpaka kwenye stoo ya magodoro, anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Matroni akampigia simu bwana mifugo, akaiweka kwenye spika.

"Nani amemnyoa mpaka ngozi wakati huu?" iliuliza sauti ya bwana mifugo, na Matroni akamtazama Kinyozi, kisha akatazama pengine. "Joto lote limemtoka. Barabara imejaa maji, siwezi kufika leo. Mkausheni, mfunikeni, mpeni maji ya uvuguvugu, na msugueni. Mfululizo, msimwache. Akipoa zaidi ya hapo mtampoteza kabla ya jioni."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Watu walimpita wakiingia na kutoka na mablanketi kama wanavyoipita nguzo. Mwalimu alikuja wa mwisho. Alikuwa amevua sweta lake, akapiga magoti kwa shida, akamvalisha kondoo kupitia miguu ya mbele, akafunga vifungo mgongoni. Kisha akainuka, akaja mpaka pale mlangoni.

"Alikuwa na viroboto kweli?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo, kubwa ya kutosha. Matroni mwenyewe angeapa kwamba aliambiwa viroboto. Na kama angesema ndiyo, Mwalimu angemwamini, hilo Kinyozi alilijua, na Jumamosi moja, labda si kesho, angepanda tena ngazi za baraza.

"Hapana," alisema Kinyozi. "Hakuwa na hata mmoja."

Mwalimu akaenda zake. Fimbo yake ilisikika ukumbini kote mpaka mlango wa chumba chake ulipofungwa.

Kinyozi alibaki pale kidogo. Kisha alikwenda kuchukua taulo lake jeupe, akarudi, akamgusa Matroni begani. "Mwanangu, toka. Mikono yako imechoka." Matroni alikuwa na hasira, lakini mikono yake ilikuwa imechoka kweli. Akampisha.

Alianza miguuni. Alisugua kwa taulo, halafu kwa viganja vitupu, kwa upole penye michubuko, kwa nguvu penye nyama. Mara ya kwanza kondoo alijikunja kwa uoga, na Kinyozi akasema, "Najua. Najua, baba. Ni mimi yule yule." Aliendelea. Kila mtu mwingine angechoka baada ya robo saa. Huyu alikuwa amesugua vichwa maisha yake yote na mabega yake yalijua kugawana kazi. Mlinzi alileta maji ya uvuguvugu. Dereva alileta soksi zake za sufu, akazitupa ndani, akaondoka. Yule bibi wa chumba cha mwisho alileta ganda la karoti, akaliweka karibu na pua ya kondoo, akamtazama Kinyozi kwa jicho ambalo hata mama yake hakuwahi kumtazama nalo.

Saa tisa kondoo alikuwa bado anatetemeka. Saa kumi alitetemeka kwa vipindi. Kinyozi hakuthubutu kusimama kwenda hata chooni. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kitu kimoja tu: kwamba kondoo huyu akifa, watu kumi na wanane watakaa meza moja naye mara tatu kwa siku mpaka mwisho wa maisha yake, na watakuwa na haki.

Karibu saa kumi na moja Mheshimiwa aliacha kutetemeka. Kinyozi akashtuka, akadhani ndiyo basi. Akaweka sikio ubavuni. Moyo ulikuwa unapiga vizuri tu. Kondoo akainua kichwa, akalinusa lile ganda, akalivuta mdomoni, akaanza kutafuna bila haraka, amevaa sweta la kike na soksi mbili za Dereva. Kinyozi akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alilia vibaya, kwa sauti, kama watu wasio na mazoea.

Hakujua Mwalimu ameingia saa ngapi. Alimwona tu amekaa kwenye rundo la magodoro, fimbo iko magotini.

"Sasa niambie kwa nini," alisema Mwalimu.

"Nilimwonea wivu."

"Nani? Huyu?"

"Huyu."

Kinyozi alitamani acheke. Mwalimu hakucheka.

"Foleni yangu imekwisha," alisema Kinyozi, na sasa maneno yakawa yanatoka yenyewe. "Vyombo napanga, napangua. Wewe mwenyewe wiki tano hujaja. Unakaa naye kule kwenye kamba, unamwambia mambo. Mimi miaka sita nakutengeneza nywele, hujaniambia hata moja."

"Kinyozi. Mimi sina nywele."

"Unazo kidogo, pale pembeni..."

"Sina. Chumbani kwangu kuna kioo. Hivi wewe ulidhani miaka sita nakuja kunyolewa nini?"

Mikono ya Kinyozi bado ilikuwa juu ya kondoo, inakwenda na kurudi.

"Nilidhani nakudanganya vizuri," alisema mwishowe.

"Ulikuwa unanishika kichwa," alisema Mwalimu. "Watu wa umri wetu nani anatushika? Nesi ananishika akinipima, basi. Wewe ulinishika dakika ishirini nzima. Jumapili nikiamka naanza kuhesabu siku. Na Dereva vilevile, na wote wale, ulidhani wanakuja na upara wao kufuata mkasi?"

"Kama ni hivyo, mbona mlihama?" Sauti yake ilikuwa na uchungu, na wivu bado ulikuwemo, wala hakujaribu kuuficha. "Mbona nyote mmehamia kwa kondoo?"

Mwalimu alifikiri kwanza, kama mtu anayetafuta mahali hesabu ilipokosewa.

"Kwa sababu yeye anakubali kushikwa," alisema. "Wewe unashika watu, ukimaliza unakung'uta shuka unaita anayefuata. Siku ngapi nimenyoosha mkono? Kila nikinyoosha mkono, unaniwekea kioo mkononi. Mwisho mtu huchoka. Na sisi tuna mikono, Kinyozi. Inataka kazi."

Kinyozi alimtazama kondoo, kwa sababu kumtazama Mwalimu hakuweza. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumgusa yeye, si daktari, si mwanawe anayempa mkono kwenye kituo cha basi na kuangalia saa, na akafika mpaka hospitalini, upande wa kitanda cha mkewe, akaacha kukumbuka.

"Sogea hapa," alisema Mwalimu.

"Nimsugue huyu kwanza..."

"Huyu ameshapona, anakula. Sogea."

Alisogea kwa magoti, kwenye sakafu ya saruji, mpaka mbele ya rundo la magodoro. Aliinamisha kichwa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mkono wa Mwalimu ukatua juu yake. Ulikuwa mzito, wenye vidole vikavu vilivyokakamaa, na haukujua kazi kabisa. Ulianzia kisogoni badala ya mbele. Ulikwenda kinyume na nywele, ukazivuruga, ukakwama sikioni, ukarudi ulikotoka, ukaanza upya mahali pasipostahili. Katika miaka arobaini na nane Kinyozi hakuwahi kuona kichwa kikishikwa vibaya namna ile. Kulikuwa na makosa matano au sita ambayo angeweza kuyarekebisha kwa neno moja. Alifunga macho na kunyamaza kimya, asije Mwalimu akaacha.